Jina Moja, Milima Mingi: Uainishaji wa Vinyonga wa Pembe Mbili

Kinyonga ni mnyama ambaye hahitaji kujulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Watoto humfahamu kabla hawajaingia darasa la kwanza, wazee humtolea mifano, na lugha yetu imempa majina zaidi ya moja: kinyonga, lumbwi, na kwa sababu ya tabia yake ya kubadili rangi, kigeugeu. Mtu asiye na msimamo hufananishwa naye, na atembeaye polepole husemwa kuwa ana mwendo wa kinyonga. Hata hivyo, umaarufu huu una hasara yake. Kitu tunachodhani kuwa tunakijua sana ndicho ambacho mara nyingi hatukichunguzi. Nyuma ya neno hili moja wamejificha wanyama wa aina nyingi zilizo mbalimbali, na baadhi yao hawaishi popote duniani isipokuwa katika msitu wa mlima mmoja wa Tanzania au Kenya.

Katika makala haya tutaeleza jinsi wataalamu wanavyowatambua na kuwapanga vinyonga wa milimani. Mfano wetu utakuwa kundi la vinyonga wenye pembe mbili bapa juu ya pua, ambao kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 walihesabiwa kuwa spishi moja. Mfano huu unafundisha mengi kuhusu taksonomia, yaani elimu ya kuainisha viumbe, nao unaonyesha pia kwamba elimu hiyo si mchezo wa kubuni majina magumu ya Kilatini.

Kinyonga ni mjusi wa namna gani?

Vinyonga ni mijusi. Wanaunda familia iitwayo Chamaeleonidae, yenye spishi zaidi ya 200, ambazo nyingi zinaishi Madagaska na bara la Afrika. Wanatofautiana na mijusi wengine kwa mambo yanayojulikana: macho yanayozunguka kila moja kwa njia yake, ulimi unaofyatuka kunasa wadudu, na vidole vilivyofungwa pamoja katika mafungu mawili mfano wa koleo. Katika miguu ya mbele fungu la ndani lina vidole vitatu na la nje viwili. Katika miguu ya nyuma mpango huo hugeuka. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa mchoro mmoja tu ubaoni.

Ikumbukwe kwamba sifa hizi zote ni za familia nzima. Zinatusaidia kumtenga kinyonga na mjusi-kafiri, lakini hazitusaidii kumtenga kinyonga mmoja na mwingine. Huu ndio mwanzo wa kazi ya uainishaji: kwa kila ngazi tunatafuta sifa zinazofaa ngazi hiyo. Rangi, ambayo kila mtu huitazama kwanza, haifai sana. Kinyonga hubadili rangi kwa joto, kwa mwanga, kwa hasira na kwa hofu. Na akishahifadhiwa ndani ya spiriti, rangi hupotea. Mtaalamu anayetegemea rangi peke yake ni sawa na karani anayeandikisha watu kwa nguo walizovaa siku hiyo.

Jina na sampuli yake

Jina la kisayansi lina sehemu mbili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi. Hayo tunayafundisha kidato cha kwanza. Jambo lisilofundishwa mara nyingi ni kwamba jina hufungwa kwenye sampuli. Mtaalamu anapotangaza spishi mpya, hana budi kuchagua sampuli moja au chache na kuziweka katika makumbusho, ili yeyote atakayekuja baadaye aweze kwenda kuzitazama. Tunaweza kuiita sampuli hiyo sampuli-mama. Ikitokea ubishi juu ya mnyama gani hasa anastahili jina fulani, haamui mwenye sauti kubwa wala mwenye cheo, inaamua sampuli-mama. Aidha, ikiwa mnyama mmoja amepewa majina mawili, kwa kawaida jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama.

Kwa vinyonga wetu, sampuli-mama nyingi ziko mbali. Wakati wa utawala wa Wajerumani, wanyama waliokusanywa katika milima yetu walipelekwa Berlin, Vienna na miji mingine ya Ulaya, nao walielezwa huko na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona misitu yenyewe. Mwaka 1887 Anton Reichenow wa Berlin alitangaza kinyonga wa pembe mbili aliyemwita *Chamaeleon fischeri*. Mwaka 1891 Steindachner alimtangaza mwingine, ambaye jina lake, *tavetana* kwa tahajia ya leo, linatokana na Taveta. Mwaka 1895 Franz Werner alitoa jina *matschiei*, kumheshimu Paul Matschie, mtaalamu wa wanyama wa Berlin. Mwaka 1913 Fritz Nieden alitoa majina mawili: *multituberculata*, yaani mwenye vinundu vingi, na *vosseleri*, kwa heshima ya Julius Vosseler, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki.

Lebo za siku hizo hazikuwa na habari nyingi. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, alipata kuonyeshwa chupa ya sampuli ambayo lebo yake ilitaja koloni tu, bila mlima wala kijiji. Ni sawa na kumtafuta mtu ukiwa umeambiwa kwamba anaishi Tanganyika.

Kwa kuwa habari zilikuwa chache, na kwa kuwa vinyonga hawa wanafanana, wataalamu waliofuata waliona ni salama zaidi kuyakusanya majina hayo chini ya jina la kwanza. Mengine yalifanywa kuwa ya nususpishi tu za *fischeri*, na mengine yaliachwa kabisa. Hivyo basi, kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba kuna kinyonga mmoja wa pembe mbili, aliyeenea kutoka mlima hadi mlima.

Kutoka Chamaeleo hadi Kinyongia

Kabla ya kurudi kwenye spishi, hatuna budi kupitia ngazi ya jenasi, kwa sababu nayo ilikuwa na matatizo. Hapo zamani vinyonga wengi wenye mikia mirefu waliwekwa katika jenasi moja, *Chamaeleo*. Mwaka 1986 Charles Klaver na Wolfgang Böhme walichapisha uchunguzi uliotumia sifa za ndani za mwili: umbo la mapafu na umbo la viungo vya uzazi vya dume. Sifa hizi zina faida kwamba hazionekani kubadilika upesi kwa sababu ya mazingira ya nje. Kwa kutumia ushahidi huo, vinyonga wa milima yetu waliwekwa pamoja na vinyonga wadogo wa Afrika Kusini katika jenasi *Bradypodion*.

Hata hivyo, ndoa hiyo haikudumu. Vinyonga wa Afrika Kusini huzaa watoto hai. Wa kwetu hutaga mayai. Wale wa kusini wana safu ya magamba yaliyochongoka chini ya kidevu. Wa kwetu hawana. Mwaka 2006 Colin Tilbury, Krystal Tolley na Bill Branch walichunguza jeni za mitokondria na kuonyesha kwamba makundi haya si ndugu wa karibu. Vinyonga wa Afrika Mashariki wakapewa jenasi yao wenyewe, na jina lililochaguliwa lilitoka katika lugha yetu: *Kinyongia*. Jenasi nyingine iliyotangazwa katika kazi hiyohiyo, *Nadzikambia*, ilipewa jina linalotokana na neno la Kichewa lenye maana hiyohiyo ya kinyonga. Leo jenasi *Kinyongia* ina spishi zaidi ya 20, zilizosambaa katika milima ya Tanzania na Kenya, hadi Ruwenzori na milima ya mashariki ya Kongo.

Ushahidi wa Usambara Mashariki

Sasa turudi kwa wenye pembe mbili. Msomaji atauliza: tutajuaje kwamba vinyonga wa milima miwili ni spishi mbili, na si spishi moja yenye tofauti ndogondogo? Watu wa Lushoto na wa Morogoro hutofautiana kwa lafudhi, lakini wote ni watu.

Swali hili ni la haki, nalo ndilo lililowasumbua wataalamu. Wanyama wakiishi katika milima tofauti, hatuna nafasi ya kuona kama wangezaana endapo wangekutana. Lakini Usambara Mashariki inatupa jaribio ambalo maumbile yenyewe yameliandaa. Katika misitu ya milima hiyo wanaishi vinyonga wa namna mbili wa kundi hili: *Kinyongia matschiei*, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jenasi nzima, na *Kinyongia vosseleri*, ambaye ni mdogo zaidi. Wote wawili wako katika milima hiyohiyo, hawatenganishwi na bonde wala nyika, na bado kila mmoja amebaki na sura yake. Kama wangekuwa spishi moja, vizazi vingi vya kuzaana vingekuwa vimekwisha kuzifuta tofauti hizo. Pale ambapo viumbe wawili wanaishi pamoja bila kuchanganyika, mjadala wa spishi moja au mbili umekwisha.

Mwaka 2008 Jean Mariaux, Nicolà Lutzmann na Jan Stipala walichapisha marekebisho ya kundi zima. Walilinganisha sampuli za makumbusho na wanyama wapya waliokusanywa milimani, wakapima maumbo na kusoma jeni. Matokeo yao yalibadili ramani. Jina *fischeri* halikuwa la Usambara hata kidogo. Linawahusu vinyonga wa milima ya Nguru na Nguu. Wale wa Usambara Magharibi ni *K. multituberculata*. Wale wawili wa Usambara Mashariki walirudishiwa majina yao ya 1895 na 1913. Kinyonga wa Vilima vya Taita, aliyepewa jina kwa heshima ya Böhme mwaka 2002 kama nususpishi, alipandishwa kuwa spishi kamili, *K. boehmei*. Naye *K. tavetana* alibaki na Kilimanjaro, Meru na Milima ya Pare.

Kwa maneno mengine, majina ya zamani hayakuwa na makosa yote. Nieden na Werner waliona tofauti ambazo waliokuja baada yao walizipuuza. Hapa tunapata funzo la kwanza: katika sayansi, kazi ya zamani haifi kwa kuwa imeachwa, inasubiri ushahidi wa kuithibitisha au kuikanusha.

Kwa nini kila mlima una wake?

Milima ya Tao la Mashariki huanzia Taita nchini Kenya, hupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, ikaishia Udzungwa na Mahenge. Ni milima ya miamba ya kale sana, na upepo wa Bahari ya Hindi huiletea mvua hata pale ambapo nyanda zilizoizunguka ni kavu. Msitu wa mlima ni mfano wa kisiwa, na nyika ni bahari yake. Kinyonga aliyezoea baridi na unyevu wa msitu hawezi kuvuka nyika yenye jua kali. Hata bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Magharibi na Mashariki, linatosha kuwa mpaka.

Wako waliodhani kwamba utengano huu ulitokea juzi tu kwa hesabu ya kijiolojia, katika zama za barafu. Utafiti wa Tolley na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba matawi ya *Kinyongia* yalianza kuachana mamilioni ya miaka kabla ya zama hizo, wakati misitu mikubwa ya Afrika ilipokuwa ikikatika vipandevipande kwa kuongezeka kwa ukame. Kilimanjaro na Meru, kwa upande wao, ni milima ya volkano na ni michanga ukilinganisha na Tao la Mashariki. Kwa hiyo kinyonga anayeishi huko leo hakuzaliwa na mlima huo. Mababu zake walitoka mahali pengine palipokuwa na msitu wa kale zaidi.

Ufunguo mdogo wa utambuzi

Ili wanafunzi wapate mazoezi, tunatoa hapa ufunguo mfupi wa kutambua makundi ya vinyonga wa milima ya Tanzania. Ufunguo hufanya kazi kwa jozi za maelezo: soma yote mawili, chagua linalolingana na mnyama, kisha fuata namba. Ufunguo huu unafaa kwa madume waliokomaa. Dume hutambulikana kwa uvimbe ulioko kwenye shina la mkia upande wa chini.

1. (a) Mkia ni mfupi, wazi ni mfupi kuliko kiwiliwili. Mnyama ni mdogo, wa kahawia, mfano wa jani kavu: ni kinyonga-jani, wa jenasi *Rhampholeon* au *Rieppeleon*.
(b) Mkia ni mrefu na hujikunja kushika matawi: nenda 2.

2. (a) Chini ya kidevu na koo kuna safu ya magamba yaliyochongoka: ni *Chamaeleo* au *Trioceros*.
(b) Hakuna safu hiyo: nenda 3.

3. (a) Puani kuna pembe za mviringo zenye pingili, kama pembe za mnyama wa mfugo: ni *Trioceros*.
(b) Puani kuna kipande kimoja au viwili vilivyo bapa, vilivyofunikwa na magamba hadi ncha: ni *Kinyongia*.
(c) Hakuna pembe ya aina yoyote: usiamue kwa haraka. Huenda ni *Kinyongia uthmoelleri* wa Ngorongoro, Oldeani na Hanang, ambaye dume wake hana pembe, au ni dume ambaye hajakomaa.

Tofauti kati ya 3(a) na 3(b) ni muhimu sana. Pembe ya *Trioceros* ina ala ngumu ya keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Pembe mbili za kundi letu ni miendelezo ya ukingo wa uso juu ya pua, yenye mfupa ndani na magamba juu. Tunaziita pembe zote mbili kwa mazoea tu.

Ukishafika *Kinyongia* mwenye pembe mbili, kazi inakuwa ya makini zaidi. Tazama urefu na mwelekeo wa pembe. Kama zinakwenda sambamba au zinakaribiana nchani. Hesabu miiba midogo iliyo mwanzoni mwa mgongo, na angalia kama inaendelea au inakoma mapema. Angalia vinundu vilivyotawanyika ubavuni. Tafuta jike, kwa sababu katika baadhi ya spishi, mathalani *vosseleri*, jike hana pembe. Mwisho, uandike mlima. Kwa vinyonga hawa, mahali alipoonekana mnyama ni sifa yenye uzito sawa na umbo lake.

Uzito wa jina

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba mnyama hajali anaitwaje. Ni kweli kwamba mnyama hajali. Lakini sheria hujali sana, kwa kuwa sheria humlinda mnyama kwa jina.

Tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya vinyonga imesimamiwa na mkataba wa CITES, na vibali hutolewa kwa kutaja spishi. Kwa miaka mingi vinyonga waliotoka Usambara Magharibi waliuzwa ng'ambo kwa jina la *fischeri*. Tufikirie maana yake. Afisa anayetoa kibali anaambiwa kwamba mnyama huyu yuko katika milima mingi. Kwa hiyo anaona kwamba akipungua hapa, yupo kule. Kumbe kule aliko ni mwingine. Kwa hesabu ya namna hii spishi ya mlima mmoja inaweza kumalizika huku makaratasi yakionyesha kwamba bado wako wengi. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, lakini msitu unaofyekwa hauhitaji kibali cha kusafirisha. Kinyonga asiyeweza kuvuka bonde la Lwengera hawezi kuhamia kwingine msitu wake ukigeuzwa kuwa shamba.

Wala orodha haijafungwa. Mwaka 2009 alitangazwa *Kinyongia magomberae*, aliyegunduliwa katika msitu wa Magombera, chini ya milima ya Udzungwa, baada ya nyoka aliyeshtuliwa na mtafiti kumwachia kinyonga aliyekuwa akimmeza. Mwaka 2010 ilielezwa nususpishi ya *uthmoelleri* kutoka Pare Kusini. Mwaka 2015 alitangazwa *Kinyongia msuyae* wa Nyanda za Juu Kusini na Udzungwa, ambaye jina lake linamheshimu Charles Msuya, Mtanzania aliyefanya kazi kubwa ya kuchunguza reptilia na amfibia wa nchi hii. Baadhi ya wanyama wa zamani walipewa majina ya watu wa Ulaya. Huyu amepewa jina la mtu wa kwetu. Ni mwanzo mwema, lakini jina la heshima halitoshi. Kinachotakiwa ni vijana wengi zaidi wanaoweza kushika sampuli, kuipima na kusema bila kuogopa: huyu si yule.

Shule zilizo karibu na misitu hii zina nafasi ambayo vyuo vikuu vya ng'ambo haviwezi kuinunua. Hatuombi wanafunzi wawakamate vinyonga, wala wawaue. Sheria inakataza, na haina haja. Kinyonga hana sumu wala hadhuru mtu, na huonekana kwa urahisi zaidi usiku, anapolala kwenye ncha ya tawi akiwa amepauka, mwanga wa tochi ukimpiga. Daftari, rula na penseli vinatosha, pamoja na mwalimu na ruhusa ya wenye hifadhi. Andika tarehe, jina la msitu, mwinuko ikiwa unajulikana, kimo cha tawi kutoka ardhini, na kama ni dume au jike. Chora kichwa kwa upande, ukionyesha pembe. Kisha mwache alale.

Daftari la namna hiyo, likitunzwa maktabani mwaka hadi mwaka, litakuwa na kitu ambacho lebo nyingi za Berlin hazina: jina kamili la mahali. Bila jina hilo, sampuli nzuri kuliko zote haiwezi kutuambia ni kinyonga wa mlima upi tunayemlinda.